Kigae cha Peltier si friji: tuanze na hesabu ya wati

Haya wasomaji, leo tuweke programu kando kidogo. Kuna jambo limenikaa kooni tangu nilipotembelea maonyesho ya ubunifu wa wanafunzi hivi majuzi, na nisipolitema nitalala nalo tena. Katika ukumbi ule kulikuwa na meza tatu, narudia, tatu, zenye mradi mmoja: mtambo wa kupoza maziwa ya mkulima mdogo kwa vigae vya Peltier na paneli ya sola. Mpira mwembamba unapita juu ya vigae, maziwa yanaingia na joto la ng'ombe upande huu, yanatoka baridi upande ule. Majaji wakagusa upande wa baridi, wakatabasamu, wakaandika alama. Sikumsikia hata mmoja akiuliza swali la kwanza kabisa: ni lita ngapi kwa saa?

Msinielewe vibaya. Shida wanayotaka kuitatua ni ya kweli. Ukienda Nyandarua au Nyeri, maziwa ya asubuhi hayana matata, boda boda anayabeba hadi kituo cha ushirika kabla jua halijapanda. Maziwa ya jioni ndiyo kilio. Ng'ombe amekamwa saa kumi na moja jioni, gari la kituo halipiti hadi kesho, na bakteria hawajui kwamba ni usiku. Asubuhi karani anayapima kwa alkoholi, yanaganda, mkulima anarudi nayo nyumbani. Mengine yanakuwa mala, mengine anapewa ndama, mengine yanamwagwa. Kwa mtu mwenye ng'ombe wawili hiyo ni karo. Sasa shida nzito namna hii hatuwezi kuitekea maji kwa pakacha halafu tukapigiana makofi.

Kwa wale ambao hawajawahi kukishika, kigae cha Peltier ni kitu kidogo cheupe, sentimita 4 kwa 4, chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Utakipata Luthuli Avenue bila kutafuta sana. Kiunganishe na betri ya volti 12: uso mmoja unakuwa baridi mpaka unaota umande, uso wa pili unakuwa moto. Geuza nyaya, nyuso zinabadilishana kazi. Hakina gesi, hakina kompresa, hakina kelele. Mara ya kwanza ukikiona utadhani umeona uchawi.

Uchawi wenyewe ni wa zamani. Mwaka 1834 Mfaransa Jean Peltier, ambaye alikuwa mtengenezaji saa kabla ya kugeukia fizikia, aligundua kwamba umeme ukipita kwenye kiungo cha metali mbili tofauti, kiungo kinapata joto au kinapoteza joto kutegemea mkondo unaelekea wapi. Mwaka 1838 Emil Lenz, kule Urusi, akaweka tone la maji kwenye kiungo cha bismathi na antimoni. Akapitisha umeme, tone likawa barafu. Akageuza mkondo, barafu ikayeyuka. Kwa hiyo kupoza na kupasha moto kimiminika kwa umeme mtupu si wazo la jana. Kilichokosekana ni metali kuwa na nguvu ya kutosha, na ndiyo maana jambo hili lililala zaidi ya miaka mia moja, hadi semikondakta za miaka ya 1950, hasa bismathi teluridi. Vigae tunavyonunua leo bado vimetengenezwa kwa ukoo huo huo wa vifaa. Hebu fikiria kompyuta zimetoka wapi tangu 1950, kisha uangalie kigae hiki.

Lililo muhimu kuelewa ni kwamba kigae hakitengenezi baridi. Kinabeba joto kutoka uso huu kwenda uso ule, kama hamali, na hamali huyu ana tabia tatu. Kwanza, mzigo anaobeba unalingana na mkondo: ampea zikiwa mara mbili, mzigo mara mbili. Pili, mkondo huo huo unachemsha kigae chenyewe kwa sababu ya ukinzani wake, na joto hilo linaongezeka kwa mraba: ampea mara mbili, joto mara nne, na nusu yake inarudi upande wa baridi. (Wenzangu wa sayansi ya kompyuta mmeshaiona: faida ni n, hasara ni n mraba. Mnajua mwisho wake.) Tatu, vile kigae ni chembamba, joto la upande wa moto linapenya na kurudi kinyumenyume, na kadiri tofauti ya joto kati ya nyuso mbili inavyokuwa kubwa ndivyo linavyopenya zaidi.

Tuchukue kigae maarufu kuliko vyote, TEC1-12706. Jina lenyewe linajieleza: jozi 127 za semikondakta, ampea 6. Nimepiga hesabu kwa thamani za kawaida za kigae hiki: kama volti 0.05 kwa kila digrii, ukinzani wa ohmu 2, na upenyaji wa nusu wati kwa kila digrii. Nikakipa kazi ya kufikisha maziwa nyuzi 4 za Selsiasi. Ili maziwa yafike 4, uso wa baridi lazima uwe karibu 0. Na ili joto litoke kwenye hewa ya nyuzi 25, hitsinki lazima iwe na moto kuliko hewa, tuseme uso wa moto uko 40. Tofauti ni digrii 40. Kwa ampea 4 kigae kinabeba wati 19 hivi za joto, na chenyewe kinakula wati 40 za stima. Ukiongeza hadi ampea 6 kinabeba wati 26 lakini kinakula 84. Umeongeza stima zaidi ya mara mbili, umepata wati 7.

Kwenye karatasi ya kiwandani kigae hiki kimeandikwa zaidi ya wati 50, na tofauti ya juu karibu digrii 70. Namba zote mbili ni za kweli, ila hazitokei pamoja. Zile wati 50 ni pale ambapo nyuso zote mbili zina joto moja, na zile digrii 70 ni pale ambapo kigae hakibebi kitu chochote. Mtu anachukua ya kwanza, anachukua ya pili, anaziweka kwenye bango moja, mradi unang'aa.

Sasa tuje kwenye kimiminika kinachotiririka, maana hapa ndipo watu wanapozama. Shika namba moja tu: 70. Maji yakipita lita moja kwa dakika, kubadilisha joto lake kwa digrii moja kunahitaji wati 70. Digrii moja! Ni maji yenyewe, yana njaa ya joto kuliko karibu kila kitu jikoni kwako. Ukitaka kuthibitisha, angalia shawa ya stima bafuni. Lita 3 kwa dakika, unazipandisha digrii 20, hiyo ni 3 mara 20 mara 70, wati 4,200. Ndiyo maana ukifungua shawa taa za jirani zinafifia na tokeni zinakwisha kama njugu. Kupasha moto ni rahisi kuliko kupoza, na bado inagharimu hivyo.

Kwa hiyo yule mwanafunzi mwenye mpira wa maziwa. Maziwa yana njaa pungufu kidogo kuliko maji, tuseme 67 badala ya 70. Yanatoka kwa ng'ombe yakiwa nyuzi 37, anataka 4, hizo ni digrii 33. Kwa lita moja kwa dakika anahitaji kuondoa wati zaidi ya 2,200. Nikimhurumia, nikamhesabia wastani wa wati 30 kwa kila kigae (kwa sababu mwanzoni, maziwa yakiwa bado moto, kigae kinafanya kazi vizuri zaidi), anahitaji vigae zaidi ya 70. Mezani alikuwa na viwili.

Mtu atasema basi tusipitishe kwa haraka, tuyazungushe polepole kwenye mkebe kwa saa mbili. Sawa, hilo ni jibu la busara, tulihesabu. Lita 20 za jioni kutoka 37 hadi 4 ni kilojuli 2,650 hivi. Kwa saa mbili ni wastani wa wati 370. Vigae 12 au 13, vikila jumla ya wati 450 au zaidi. Na kumbuka joto la maziwa pamoja na stima iliyoliwa vyote vinaishia upande wa moto, kwa hiyo una wati zaidi ya 800 za kutupa hewani kwa hitsinki na feni. Hiyo ni pasi ya nguo iliyowashwa saa mbili mfululizo, na feni zako zihakikishe haipiti nyuzi 40. Halafu ni jioni. Jua limezama. Stima yote hiyo, karibu uniti nzima, inatoka kwenye betri, ambayo ikiwa ni ya risasi na hutaki kuiua mapema utaitumia nusu tu, yaani betri ya volti 12 yenye ampea-saa 150. Mwulize mkulima wa ng'ombe wawili kama anayo.

Kompresa ya friji ya kawaida, kwa kazi hiyo hiyo, inabeba wati mbili mpaka tatu za joto kwa kila wati moja ya stima. Ingetumia wati 150 mahali ambapo vigae vinatumia 450.

Najua utetezi utakaokuja, nimeusikia. Eti kompresa zina gesi mbaya. Zilikuwa nazo, na baadhi bado zinazo, na makubaliano ya Kigali ya 2016 yaliwekwa kwa ajili ya kupunguza gesi hizo za HFC. Lakini friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia isobutani, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo sana. Eti kigae hakina sehemu inayozunguka kwa hiyo hakiharibiki. Kigae chenyewe hakina, lakini umekifungia feni mbili na pampu, na hizo ndizo zitakufa kwanza kwenye vumbi la zizi. Na kigae nacho kinakufa: unyevu ukiingia pembeni unakula viungo vya ndani, na kuwasha na kuzima mara elfu kunavunja lehemu. Eti ni rahisi. Kimoja ni rahisi, ndiyo. Kumi na viwili pamoja na hitsinki, feni, pampu, betri na paneli?

Utetezi mmoja naukubali kabisa: fundi yeyote anaweza kubadilisha kigae, lakini kujaza gesi si kazi ya kila fundi. Hilo ni la maana kijijini. Lakini halifuti ile namba 70.

Kama umewahi kununua mashine ya maji ya ofisini umeshakutana na kigae hiki bila kujua. Kuna zile za kompresa na kuna zile za bei nafuu ambazo boksi linasema zinapoza kwa kielektroniki. Kielektroniki maana yake ni Peltier. Soma kibandiko cha nyuma: nyingi zimeandikwa kitu kama lita 0.7 kwa saa, hadi nyuzi 15, stima wati 65 hivi. Piga hesabu. Kushusha lita 0.7 kutoka nyuzi 25 hadi 15 ni kilojuli 29, ambazo kwa saa moja ni wati 8. Wati 8 za kazi kutoka wati 65 za stima! Nyingine zinapotea kwenye kigae, kwenye feni na kwenye kuta za tangi. Kwa mtu mmoja nyumbani anayekunywa glasi nne kwa siku, si mbaya, mashine ni kimya na bei ni nzuri. Kwa ofisi ya watu 15 saa saba mchana, watu watatu wa kwanza wanakunywa maji baridi, wengine wanakunywa maji ya bomba yaliyotulia kwenye chupa ya bei. Muuzaji hatakwambia. Kibandiko kitakwambia.

Basi mkulima afanye nini? Hapa ndipo ninapowasihi vijana wetu wageuze akili zao. Shida ya maziwa ya jioni ni kwamba joto ni jingi, muda ni mfupi, na jua halipo. Kitu kinachojibu yote matatu ni barafu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza kilojuli 334, na yale maji yake yakipanda hadi 4 yanameza nyingine kidogo. Kwa lita zetu 20 unahitaji kilo 8. Kilo 8 za barafu unazitengeneza mchana kutwa kwa friza ndogo ya kompresa inayokwenda moja kwa moja na jua, bila haraka, bila betri kubwa. Baridi yako imehifadhiwa kama maji magumu kwenye boksi. Chuo Kikuu cha Hohenheim cha Ujerumani kiliunda mfumo wa namna hii, barafu ya sola na mikebe iliyofunikwa isipitishe joto, na ulijaribiwa Tunisia na hapa Kenya. Hauna mvuto wa maonyesho, ni friza na mkebe tu. Lakini unapoza.

Na kabla ya barafu, kuna maji ya bure. Mto wa mlimani au tangi lililo kivulini huko nyanda za juu linaweza kuwa na nyuzi 18. Pitisha maji hayo kinyume na maziwa, maziwa ndani ya bomba la chuma cha pua, maji nje yakielekea upande wa pili, na maziwa yanashuka kutoka 37 hadi 22 bila senti moja ya stima. Hiyo ni karibu nusu ya joto lote. Barafu inayohitajika inashuka kutoka kilo 8 hadi kilo 4 na ushei. Mwanafunzi atakayeniletea bomba la namna hiyo lenye kuoshwa kwa urahisi (maana bomba la maziwa lisilooshwa ni kiwanda cha bakteria), nitampa alama zote, hata kama halina waya.

Sasa, mimi si adui wa Peltier. Kinachoniudhi ni kumwona hamali mzuri amebebeshwa lori. Rudi kwenye zile tabia tatu uone kinachotokea tofauti ya joto ikiwa ndogo. Nyuso zikitofautiana digrii 10 tu, na mkondo ukiwa ampea 2, kigae kile kile kinabeba wati 20 kwa stima ya wati 9. Zaidi ya mbili kwa moja! Hapo anakaribia kusimama bega kwa bega na kompresa. Watu wanamwona dhaifu kwa sababu wanamchapa kwa volti 12 kamili na kumpandisha mlima wa digrii 40. Mpe njia tambarare, mpunguzie mkondo, tumia vigae vingi vinavyofanya kazi kidogo kidogo, na upande wa moto mpe maji yanayotiririka badala ya hewa. Vimiminika viwili vikipita kinyume, kimoja kinapoa na kingine kinapata moto, kila kigae njiani kinaona tofauti ndogo tu. Huo ndio muundo wa kufuata kwa yeyote anayetaka kupoza kimiminika kwa Peltier, na cha ajabu sikuuona kwenye meza hata moja.

Upande wa kupasha moto ni mtamu zaidi, kwa sababu stima anayokula hamali haipotei, inaongezeka kwenye mzigo. Katika mfano ule wa digrii 10, wati 9 za stima zinakupa wati 29 za joto. Waya wa hita unakupa 9.

Mahali pake hasa ni pale mtiririko ni mdogo na usahihi ni mkubwa. Tuchukue maabara. Kimiminika kinapita mililita 10 kwa dakika kuelekea kwenye kipimo, na lazima kifike kikiwa nyuzi 25 kamili, iwe chumba ni cha Mombasa mwezi wa pili au Limuru mwezi wa saba. Mililita 10 kwa dakika ni wati 0.7 kwa digrii. Digrii 15 juu au chini ni wati 10 na nusu. Kigae kimoja kinatosha na kusaza! Na ni kile kile kinachopoza Mombasa na kupasha moto Limuru, kwa kugeuza mkondo tu. Kompresa haiwezi kufanya hivyo kwa ukubwa huo. Mashine za PCR, zile ambazo dunia nzima ilizifahamu mwaka 2020, nyingi zinapandisha na kushusha joto la sampuli kwa Peltier kwa sababu hiyo hiyo. Leza nazo zinapozwa hivyo. Kidhibiti kizuri kinashikilia joto ndani ya sehemu ya mia ya digrii.

Na hapo ndipo watu wa programu tunapopata kazi, maana kigae chenyewe ni bubu, usahihi wote uko kwenye kidhibiti. Kwa anayetaka kujaribu nyumbani: sensa moja kwenye bomba la kutokea, sensa ya pili kwenye hitsinki, daraja la transista nne la kugeuzia mkondo, na kitanzi cha PID. Mambo mawili yatakutesa. La kwanza, ukizidisha mkondo kupita kiwango fulani, kupoza kunapungua badala ya kuongezeka (ule mraba), kwa hiyo kidhibiti kinachodhani nguvu zaidi ni baridi zaidi kitaongeza, na kuongeza, mpaka kigae kichemke. Weka kikomo cha mkondo ndani ya kodi, na kingine cha joto la hitsinki. La pili, usipeleke mipigo ya kuwasha na kuzima moja kwa moja kwenye kigae, kwa sababu joto la ukinzani linafuata kilele cha mkondo, si wastani wake. Weka koili na kapasita katikati zilainishe. Na pembeni ziba kwa silikoni kabla umande haujaingia.

Nikipata nafasi wiki ijayo nitaweka hapa kodi ya kitanzi hicho pamoja na vikomo vyake.